Kiti cha mtoto cha kubana mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimelea watoto wawili kwenye viti vya aina hii, na tangu hapo kila anayepata mtoto katika ukoo ananiuliza mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa. Utaona majibu mengi yanazungumzia meza kuliko kiti. Si bahati mbaya: anayembeba mtoto ni meza, kiti kinamshikilia tu.

## Kiti chenyewe

Kiti cha kubana mezani ni kiti gani hasa?

Ni kiti cha mtoto kisicho na miguu. Kina fremu ya chuma au alumini, kikalio cha kitambaa au plastiki, mikanda, na mikono miwili inayoshika ukingo wa meza. Mtoto anakaa akining'inia, meza ikiwa mbele ya kifua chake, na anakula pamoja na wakubwa. Vingi havifiki kilo 4, na kuna vinavyokunjwa vikaingia kwenye mfuko wa begani.

Kinashikaje bila miguu?

Kuna aina mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya zamani, inatumia uzito wa mtoto mwenyewe. Mikono ya juu inalala juu ya meza karibu na ukingo, ya chini inaingia ndani zaidi chini ya meza. Mtoto akikaa, kikalio kinavutwa chini, na ncha za mikono ya chini zinasukuma ubao wa meza kwenda juu. Kadiri anavyokuwa mzito ndivyo kiti kinavyozidi kubana.

Aina ya pili ina vibano vya skrubu. Juu ya meza kuna raba, chini kuna raba nyingine, na unazungusha skrubu kwa mkono mpaka ubao wa meza ubanwe katikati. Vingi vinavyouzwa siku hizi ni vya aina hii, na mimi naipenda zaidi kwa sababu unausikia mkazo mkononi. Ya kwanza inakutaka uamini fizikia, na saa moja asubuhi, uji ukiwa jikoni na mtoto analia, fizikia ni ngumu kuamini.

Kwa nini nisinunue tu kiti kirefu cha kawaida?

Ukiwa na nafasi ya kutosha, na meza yako haifai (soma sehemu ya meza), nunua kiti kirefu na usijute. Kiti cha kubana kinawafaa wenye chumba kidogo, wanaosafiri, na wanaotaka mtoto awe mezani hasa, si pembeni akiwatazama. Kina faida nyingine isiyotajwa sana: hakuna miguu ya kukwaa sakafuni, na chini yake ufagio unapita bila shida.

Hasara yake kubwa ni moja. Kiti kirefu unaweza kukihamishia popote kwenye sakafu iliyo sawa, lakini hiki kila ukihamia meza nyingine unaanza ukaguzi upya.

Mtoto aanze kukitumia akiwa na umri gani?

Watengenezaji wengi huandika miezi 6, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze vyakula vya nyongeza akifika miezi 6. Lakini kalenda peke yake haitoshi. Swali ni kama anaweza kukaa mwenyewe.

Mketishe sakafuni kwenye mkeka, mpe kitu cha kuchezea, kisha ondoa mikono yako. Akikaa, akakishika kitu kwa mikono miwili, akageuza shingo kukutafuta bila kuanguka upande, yuko tayari. Akijiegemeza kwa mkono mmoja kila mara, msubiri wiki mbili tatu. Ikiwa inabidi umzungushie mito ili asilale upande, bado hajafika. Viti hivi haviegemei nyuma kama vya watoto wachanga, kwa hiyo kazi yote inafanywa na mgongo wake.

Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabu miezi kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Mwisho wake ni uzito gani?

Kikomo cha viti vingi ni kilo 15, vichache hufika karibu kilo 17. Kimeandikwa kwenye lebo iliyoshonwa chini ya kikalio au nyuma yake. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kati wa kiume ana kilo 9.6 akitimiza mwaka mmoja, 12.2 akitimiza miaka miwili, na 14.3 akitimiza mitatu. Wa kike ni 8.9, 11.5 na 13.9. Kwa hiyo wengi wanaondoka kwenye kiti kwa utundu kabla ya kuondolewa na mizani. Habari za utundu ziko mwisho kabisa wa ukurasa huu.

## Meza

Nitajuaje kama meza yangu inafaa?

Angalia mambo manne: unene wa ubao, uzito wa meza, mahali miguu ilipo, na uimara wa ubao juu ya miguu.

Unene upime kwa tepu, usikisie. Kila kiti kina kipimo cha chini na cha juu, na vinatofautiana sana. Kuna vinavyoishia karibu sentimita 4, na vingine vinakubali mbao nene zaidi ya mara mbili ya hapo. Ubao mwembamba mno ni tatizo kama ubao mnene mno, maana skrubu inafika mwisho kabla haijabana.

Uzito na miguu viende pamoja. Fikiria pembea ya ubao: mtoto yuko upande mmoja nje ya miguu ya meza, meza iko upande wa pili. Tuseme mtoto ana kilo 12, kiti kilo 2, na uzito wao uko sentimita 20 nje ya ukingo. Ubao wa meza nao umejitokeza sentimita 10 kupita miguu. Hapo ni kilo 14 kwa sentimita 30, yaani 420. Meza yenye kilo 20, miguu ikiwa na nafasi ya sentimita 80, inajibu kwa 20 mara 40 (nusu ya 80, kwa kuwa uzito wa meza uko katikati), yaani 800. Iko salama, na inabaki na akiba ya mtoto kurukaruka. Sasa chukua meza ya vipimo vile vile lakini nyepesi, ya kilo 10: inajibu kwa 400. Imeshindwa, na mtoto hata hajaanza kucheza.

Kama hesabu inakuchosha, fanya jaribio la karatasi. Funga kiti kikiwa kitupu. Chomeka kipande cha karatasi chini ya mguu wa meza ulio upande wa mbali. Mtu mmoja akandamize kikalio kwa mikono miwili, kwa nguvu inayozidi uzito wa mtoto, na wewe ivute karatasi. Ikikataa kutoka, meza inasimama imara. Ikiteleza ikatoka kama barua kwenye bahasha, meza iko karibu kunyanyuka, na kiti hicho hakina kazi hapo.

La nne, shika ubao wa meza kwenye ukingo uunyanyue. Meza nyingine ubao wake umewekwa tu juu ya fremu, au umeshikwa na skrubu mbili zilizolegea. Ubao ukiachana na miguu, kiti kitaondoka nao.

Meza ya kioo je?

Hapana. Hata kioo kinene, hata kile kinachosemwa ni kigumu. Vibano vinaweka nguvu yote kwenye eneo dogo karibu na ukingo, ambako kioo huvumilia kidogo kuliko popote. Zaidi ya hapo, raba juu ya kioo chenye unyevu huteleza. Kioo kilicholazwa juu ya mbao nacho ni kioo.

Meza yenye mguu mmoja katikati?

Hapana pia, isipokuwa mtengenezaji wa kiti ameandika wazi kwamba inaruhusiwa. Meza hizi hata mtu mzima akiegemea kiwiko ukingoni zinayumba. Katika orodha ya kukataa weka pia meza za kukunja, meza za plastiki, meza ndogo za sebuleni, na zile zenye kipande cha pembeni kinachoinuliwa na kushushwa. Kipande hicho hushikwa na bawaba tu.

Naweza kuacha kitambaa cha meza?

Kiondoe. Kitambaa, plastiki ya kufunika meza, mkeka wa sahani, hata gazeti, vyote vinakaa kati ya raba na mbao na kugeuza mshiko kuwa mtelezo. Mtoto mwenyewe pia atakivuta. Ukiogopa uchafu, soma swali la kula mezani moja kwa moja.

Meza yangu ina ubao wa kusimama chini, unaoizunguka. Kiti kitaingia?

Ubao ule ndio unaokwamisha viti vingi kuliko jambo lingine lolote, na watu wanaugundua wakishalipa. Pima mambo mawili: toka ukingo wa meza hadi kwenye ubao huo ni sentimita ngapi, na ubao wenyewe unashuka kiasi gani. Mkono wa chini wa kibano lazima upate sehemu bapa ya kutosha kati ya ukingo na ubao, au uwe na umbo linalopita chini yake na kubana juu. Ukiona raba ya chini inagusa ubao wa kusimama badala ya kulala bapa chini ya meza, usitumie. Vivyo hivyo kwa ukingo uliochongwa kwa mteremko: raba ikigusa kwa nusu, inashika kwa nusu.

Meza ya duara inaruhusu kama ni kubwa na nzito. Ikiwa ndogo, mkunjo wake unafanya vibano viwili vishike kwa kina tofauti.

Kaunta ya jikoni?

Ningesema hapana. Kaunta ni ndefu kwenda juu kuliko meza ya kulia, kwa hiyo anguko lake ni baya zaidi, na mara nyingi karibu yake kuna moto, visu na maji yanayochemka. Ikiwa ni ya jiwe, sehemu inayojitokeza bila nguzo haikutengenezwa kubeba mtu anayerukaruka.

Kiti kitaacha alama?

Mara nyingi, ndiyo. Meza yangu ya vanishi ina miduara miwili myeupe iliyofifia, kila mmoja ukubwa wa kifuniko cha chupa, pale raba zilipokaa miezi kumi. Ukijali, kiondoe kiti kila baada ya mlo badala ya kukiacha siku nzima, na futa raba na meza kabla ya kufunga, kwa sababu chembe ya mchanga ndiyo inayokwaruza. Usiweke kitu katikati kama kinga. Sababu iko kwenye swali la kitambaa.

## Kufunga na kufungua

Mpangilio sahihi ni upi?

Kiti kwanza, mtoto baadaye. Wakati wa kutoka ni kinyume chake: mtoto kwanza, kiti baadaye. Inaonekana wazi mpaka siku unapokuwa na haraka.

Safisha na kausha ukingo wa meza juu na chini. Sukuma kiti mpaka fremu iguse ukingo kabisa. Kaza upande wa kulia kidogo, wa kushoto kidogo, rudi kulia, hivyo hivyo mpaka pande zote zikae sawa. Tingisha: juu, chini, kulia, kushoto. Kandamiza kikalio. Hapo ndipo umketishe mtoto na kufunga mikanda kabla hujageuka kuchukua bakuli.

Baada ya dakika tano hivi, gusa skrubu tena. Raba hukaa vizuri zaidi zikishapata uzito, na mara nyingi utakuta robo mzunguko imebaki.

Nikaze kwa nguvu gani?

Kwa nguvu ya mkono wako mtupu mpaka skrubu igome. Usitumie koleo wala spana. Ukiona ubao wa meza unabonyea au unatoa sauti, ni laini mno. Mbao za vumbi lililogandishwa hufanya hivyo.

Niweke kiti cha kawaida chini yake, endapo ataanguka?

Hili ndilo kosa la wenye nia njema, na mimi nililifanya. Mwanangu alikuwa na miezi tisa. Niliona sakafu ya saruji chini ya miguu yake, nikasogeza kiti cha kulia chini yake, nikajiona mzazi makini. Siku ya tatu aligundua kwamba nyayo zake zinakifikia. Alikikanyaga, akanyoosha magoti, na kiti chake kikapanda kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Kibano cha kushoto kilihama upana wa vidole viwili kabla sijamdaka.

Kiti kimefungwa kupambana na nguvu inayokwenda chini. Mtoto akipata mahali pa kukanyaga, anaigeuza nguvu hiyo kwenda juu. Kwa hiyo chini ya miguu pawe wazi: pasiwe na kiti, benchi, kigoda wala ndoo. Usikifunge pia mahali ambapo anaufikia mguu wa meza au ukuta kwa nyayo.

Mikanda ni lazima kila mara? Anakaa dakika kumi tu.

Kila mara. Hatari yenyewe ni mbili: kusimama na kupinduka kwa nyuma, na kuteleza kwenda chini kupitia matundu ya miguu mpaka kidevu kinase. Ule mkanda wa katikati ya miguu ndio unaozuia la pili, kwa hiyo usiuruke hata kama wa kiunoni umefungwa. Ubane kiasi kwamba vidole viwili vinapita kati ya mkanda na tumbo, si kiganja kizima.

Trei iliyokuja nacho ni ya nini?

Ni ya usafi. Inakupa eneo lako safi kwenye meza isiyo yako. Haimzuii mtoto kutoka, hata ikibana namna gani.

## Wakati wa kula

Miguu inaning'inia. Ina shida?

Kiasi. Mtoto aliyekanyaga kitu anakaa wima kwa urahisi zaidi, na mikono yake inatulia. Kwenye kiti hiki hana pa kukanyaga, na kama ulivyosoma, usimtengenezee. Dawa yake ni kufupisha mlo. Dakika 15 hadi 20 zinatosha watoto wengi. Akianza kuegemea upande mmoja au kulaza kidevu mezani, kachoka mgongo, si lazima awe ameshiba. Mtoe, mpumzishe, mrudishe.

Anarukaruka na kusukuma meza. Kiti kitaachia?

Kurukaruka kwenda chini, kiti kilichofungwa sawasawa kinavumilia. Kimepimwa kwa hilo. Kusukuma ndiko kwa kuangaliwa. Wengine huegemeza viganja ukingoni na kujisukuma nyuma, wengine huinua magoti na kupiga teke ubao kwa chini. Kila akifanya hivyo gusa vibano. Ikiwa ni mchezo wa kila mlo, na skrubu zinalegea kila mara, basi meza hiyo na mtoto huyo havipatani.

Ale mezani moja kwa moja au kwenye sahani?

Vyote sawa, mradi meza imeoshwa kwa maji na sabuni na kufutwa. Mimi niliacha sahani kwa miezi kadhaa kwa sababu kila sahani iligeuka kofia. Sahani za silikoni zinazonyonya meza husaidia kwenye ubao laini usio na nyufa. Kwenye mbao zenye mistari zinanyanyuka kirahisi.

Vitu vya wakubwa viwe mbali kuliko unavyodhani. Kwenye kiti kirefu mtoto yuko pembeni ya meza. Hapa yuko juu yake, na mkono wake unafika pale kikombe chako cha chai kinapokaa siku zote.

Akikabwa na chakula akiwa kwenye kiti, nifanye nini?

Anayekohoa kwa sauti anapumua. Mwache akohoe na usimwingize vidole mdomoni. Asiyetoa sauti, asiyeweza kulia wala kukohoa, amekabwa. Fungua mikanda umtoe, maana kwenye kiti huwezi kumsaidia vizuri.

Aliye chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mgongoni kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja hadi mara 5. Ikishindikana, mgeuze chali umkandamize katikati ya kifua hadi mara 5, kisha rudia. Aliyezidi mwaka mmoja, baada ya kumpiga mgongoni anakandamizwa tumboni, juu ya kitovu, badala ya kifuani. Mwenzako aite msaada wa dharura papo hapo. Akizimia, anza kumfufua kwa kukandamiza kifua. Kozi ya huduma ya kwanza ya siku moja inafundisha haya kwa mikono kuliko maandishi yoyote.

Kwa sababu hiyo jizoeze kufungua kifungo cha mikanda kwa mkono mmoja bila kutazama. Vifungo vingine ni vigumu vikiwa vipya, na chakula kilichokauka ndani yake huvifanya vigumu zaidi.

Amesinzia mezani. Nimwache?

Mtoe. Akilala hapo kichwa kinainama mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa.

Naweza kumwacha kidogo niende jikoni?

Hapana. Ukitoka, toka naye.

## Usafi

Kinasafishwaje?

Kitambaa cha vingi kinavuliwa na kufuliwa. Lebo inasema kama ni kwa mkono au kwa mashine. Mikanda iloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Dawa ya kuondoa madoa yenye klorini inadhoofisha nyuzi, iache. Kifungo kipitishie maji mpaka usikie kinabofya vizuri.

Raba zina lake: zifute kwa kitambaa kibichi kila siku. Mafuta ya chakula yakikaa juu yake, mshiko unapungua bila wewe kuona tofauti kwa macho. Usizipake kitu chochote kuzing'arisha.

## Safari, mitumba na mengineyo

Kwenye mgahawa nifanyeje?

Fika mapema uchague meza. Tafuta ya mbao, yenye miguu minne, upande usiopitiwa na wahudumu, kwa sababu kiti kinachojitokeza nyuma ya mtoto hupigwa nyonga na sinia. Meza nyingi za migahawa zina mguu mmoja katikati, kwa hiyo uwe tayari kumpakata. Kumbuka pia kwamba uzito wa mtu aliyekaa kiti cha ng'ambo hausaidii meza kitu; anakalia kiti chake, si meza.

Meza za bustani zilizounganishwa na mabenchi?

Zinashawishi kwa uzito wake, lakini benchi liko pale pale chini ya nyayo (swali la kiti cha kawaida chini). Kwenye ncha ya meza, kusiko na benchi, panaweza kufaa kama miguu ya meza iko karibu na mbao hazina mianya inayokosesha raba mahali pa kushika.

Kwenye gari, treni, boti au ndege?

Hapana kokote kunakosogea. Meza ya kukunja ya ndege haibebi hata kiwiko cha mtu mzima. Kiti hiki si kiti cha gari, na hakijapimwa kwa breki za ghafla.

Nimepewa cha mitumba. Nikague nini?

Anza na raba: ziwe zote nne, zisiwe zimepasuka, kung'aa kwa kuchakaa au kubadilishwa na za kubuni. Mwaka 2011 aina moja iliyokuwa ikiuzwa Marekani iliagizwa irudishwe kwa sababu raba za vibano zilikosekana au kuchakaa. Kiti kiliweza kuachia meza, na vidole vya mtoto vikanaswa kwenye kibano.

Kisha zungusha skrubu mwanzo hadi mwisho, isikwame wala isicheze. Tazama maungio ya fremu kama yana nyufa au kutu. Vuta mikanda kwa nguvu kwenye mshono. Tafuta jina la modeli na mwaka kwenye lebo, uangalie intaneti kama iliwahi kurudishwa. Marekani ina kanuni ya lazima kwa viti hivi tangu 2016, na Ulaya kiwango chake ni EN 1272. Lebo yenye namba hiyo ni dalili njema. Kisicho na lebo kabisa, mimi nisingekitumia, hata cha bure.

Nina mapacha. Viti viwili meza moja?

Rudi kwenye hesabu ya meza. Ile meza ya kilo 20 iliyojibu kwa 800: watoto wawili upande mmoja ni 840. Inapinduka. Ukiwaweka pande zinazotazamana wanasawazishana, lakini ukimtoa mmoja, meza inabaki na mwenzake peke yake. Kwa hiyo kila upande upite jaribio la karatasi kama vile hakuna mwingine.

Mtoto wangu ana miaka mitatu lakini misuli yake ni legevu. Bado ni mwepisi. Aendelee?

Uzito si kipimo pekee. Anayehitaji kushikwa kiwiliwili anahitaji kiti chenye egemeo la nyuma, la pembeni na la miguu, na hiki hakina hata kimoja cha kutosha. Mwone mtaalamu wa tiba ya viungo kabla, ukiwa na kiti mkononi ili akione.

Nitajuaje wakati wake umekwisha?

Amefika kilo zilizoandikwa. Au anafungua kifungo mwenyewe. Au anapandisha goti mezani. Binti yangu alimaliza kwa namna yake: akiwa na miaka miwili na miezi minne alijifungua mkanda, akainuka mpaka kiunoni, akanyoosha mkono akachukua chumvi, akamkabidhi babu yake. Kesho yake alikula ameketi kwenye kiti cha watu.